Mguu wa Kutembelea

Machi 2

Daftari hili halikuwa langu. Daktari wa viungo alimpa mdogo wangu aandike kila siku habari za kisiki chake, yaani kile kipande cha mguu kilichobaki chini ya goti: kimevimba, hakikuvimba, kinauma, hakiumi. Mdogo wangu akanitupia mapajani. "Andika wewe, dada. Mimi nikitaka kujua kama mguu unauma, nauuliza wenyewe."

Basi naandika mimi. Mvua za msimu zimeanza leo mchana. Zimekuja na upepo, zimeng'oa bati moja la jirani. Mama amekinga ndoo sebuleni mahali palepale panapovuja kila mwaka.

Machi 4

Nieleze kidogo, maana daftari nalo ni kama mgeni, haliachwi limesimama mlangoni.

Mimi ni fundi katika karakana ya viungo bandia iliyo nyuma ya hospitali. Kazi yangu ni kutandika. Nachukua nyuzi za faiba zilizofumwa kama soksi ndefu, nazivisha moja juu ya nyingine kwenye umbo la plasta, kisha nazinywesha resini, ule utomvu wa kiwandani unaonuka mpaka kwenye nywele. Zikikauka zinakuwa gamba gumu. Mtu anaingiza kisiki chake mle ndani, chini tunafunga bomba na unyayo, anaondoka anatembea. Miguu yangu imezagaa mji mzima. Nikiwa sokoni naukumbuka mguu kwanza, mwenye mguu baadaye.

Mdogo wangu wanamwita Mlingoti tangu shule, kwa urefu wake. Alikuwa mfungaji wa timu ya kikapu ya wanawake ya mtaa wetu, mpaka mwaka jana lori lilipoigonga pikipiki aliyopakiwa. Mguu wa kushoto haukuokoleka. Alipozinduka hospitali hakuuliza habari za mguu. Aliuliza, "Kocha ameambiwa?"

Machi 5

Nilikuwa nimepanga Gundi ndiye ampime. Gundi ni fundi mwenzangu. Jina limetokana na vidole vyake, havijawahi kutakata resini. Akikupa mkono unadhani umeshika msasa. Nilimweleza Mlingoti kwamba si vizuri mtu kumtengenezea nduguye mguu, mkono unatetemeka.

"Acha utetemeke," akasema. "Wewe ndiye unayeniona nikirukaruka kwenda bafuni kama kunguru. Nitengenezee wewe."

"Kesi imekwisha," Gundi akasema, akanipisha.

Nikakifunga kisiki kwa bendeji za plasta zilizolowa, nikazilainisha kwa viganja zipate umbo lake. Nilihisi ncha ya mfupa chini ya ngozi. Huyu nilimwogesha mimi alipokuwa mchanga, mama akiwa kazini. Yeye mawazo yake hayakuwa huko, alikuwa anampigia Gundi soga. "Faida moja hamuwaambii watu," anasema. "Mbu wanapata nusu tu."

Mkuu wa karakana alipita, akasimama kumtazama. Kisha akaniita pembeni, mlangoni. "Huyu ndiye yule mchezaji? Mpe kaboni. Ile robota ya nyuzi imekaa kabatini inamsubiri mtu kama yeye."

Kaboni ni nyuzi nyeusi, zinang'aa kama manyoya ya kunguru. Tabaka zake chache zinabeba kile kinachobebwa na tabaka nyingi za faiba. Mguu unakuwa mwepesi, mtu ananyanyua goti bila kufikiri. Mlingoti hakumsikia Mkuu. Alikuwa anajikwangua plasta kwenye paja na kulalamika kwamba inang'oa vinyweleo.

Machi 6

Mama amenisubiri jikoni. Alikuwa anamenya vitunguu, kwa hiyo sikujua kama analia au la.

"Umeshampima mdogo wako?"

"Jana, mama."

"Mwanangu, mfanyie mguu wa kutembelea. Usimfanyie wa kurukia."

Nikasema mguu ni mguu. Akaweka kisu chini.

"Usinifanye mtoto. Pale hospitali nililala mimi. Beseni nilishika mimi. Wewe ulikuwa unakuja jioni na matunda, unamchekesha, unaondoka. Akianguka tena akavunja na goti, atainuliwa na nani? Mimi mgongo sina tena. Mguu ukiwa mzito kidogo atatulia. Atatafuta kazi ya kukaa. Atazoea. Sijawahi kukuomba jambo katika kazi yako, mwanangu. Leo nakuomba."

Nikamwambia nitaona. "Nitaona" ni neno la mtu aliyekwisha kukubali na anaona haya kulisema.

Machi 7

Mvua. Nimelichonga umbo la plasta na kulipiga msasa. Mguu wa mdogo wangu, mweupe kama chaki, umesimama juu ya meza yangu.

Machi 9

Leo nimetandika.

Asubuhi nilifungua kabati. Robota ya kaboni ilikuwa rafu ya juu, kwenye mfuko wake, na chini yake balbu tunayoiwasha msimu wa mvua ili unyevu usiingie kwenye nyuzi. Niliigusa. Kisha nikachukua faiba ya kawaida, ile nyeupe, nikafunga kabati.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba faiba haijamuua mtu. Kwamba kisiki chake bado kichanga, kaboni inaweza kusubiri. Kwamba mama ni mama. Yote yalikuwa ya kweli, ila hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ilikuwa kwamba na mimi niliogopa. Nilimwona siku ile kwenye machela, na sijasahau.

Nikavisha soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa mtu wa uzito wake ningeishia hapo na kuongeza kidogo kwenye ukingo. Sikuishia hapo. Nikavisha nyingine, na nyingine. Nikafunika kwa mfuko wa plastiki, nikawasha pampu inayovuta hewa, nikamimina resini juu na kuishusha taratibu kwa kamba, nikiisukuma mpaka kila uzi ukanywa. Kazi ilikuwa safi, bila kiputo hata kimoja. Gundi aliinyanyua ilipokauka, akaipima kwa mkono.

"Hii ni ya mtu au ya tembo?"

"Anapenda kukimbia," nikasema. "Nataka isimvunjikie."

Akanitazama, akarudi kwenye kazi yake.

Machi 16

Amevaa mguu. Amesimama kwenye vyuma vya mazoezi, ameachia mkono mmoja, kisha wa pili. Mama alikuja na kanga yake mpya, akapiga kigelegele mpaka mlinzi wa hospitali akachungulia.

Mlingoti alikwenda mpaka ukutani, akarudi, akaketi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mzito," akasema.

"Utauzoea."

"Nimeona picha za wakimbiaji wana ile myeusi. Ile kaboni. Hamna?"

"Imekwisha. Hatujui italetwa lini."

Nilikuwa nimeliegemea kabati. Akaniamini papo hapo, wala hakurudia swali. Akapiga gamba konzi kama anayebisha hodi. "Basi tutazoeana, wewe na mimi," akauambia mguu.

Machi 17

Mvua mchana kutwa.

Machi 21

Nimekwenda naye uwanjani. Ni ule uwanja wa sementi nyuma ya shule. Maji yalikuwa yametuama upande mmoja, wasichana wakayasukuma kwa mafagio. Walimkumbatia wote, mmoja mmoja. Kocha hakumkumbatia. Ni mtu mrefu mkavu, sauti yake imekauka kwa kupiga kelele miaka yote. Alimpa mpira tu.

"Nionyeshe leiapu."

Leiapu ni lile bao la karibu: unakimbilia kikapu, hatua mbili, unaruka na kuuweka mpira ubaoni, wenyewe unaingia. Ndilo la kwanza mtoto kufundishwa. Mlingoti alikuwa anafunga hata akisukumwa na watu wawili. Lakini anayefunga kwa mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto, na wa kushoto ndio huo haupo.

"Sahau mkono wa kulia," Kocha akasema. "Tunaanza upya kama mtoto. Hatua ya kushoto, hatua ya kulia, ruka kwa huo wa kulia ulio mzima. Goti la kushoto juu, mkono wa kushoto juu. Goti na mkono vimefungwa kamba moja, kimoja kikipanda na kingine kinapanda. Na mpira usiurushe. Uweke, kama unavyorudisha sahani ya kuazima."

Wakacheka. Mlingoti akajaribu. Kushoto, kulia, akaruka. Goti la kushoto likapanda nusu, likakwama hapo kama limeshikwa na mtu. Mkono nao ukaishia nusu. Mpira ukagonga pete kwa chini, ukamrudia kifuani.

Akajaribu tena. Tena. Akaanguka kwenye maji, akainuka akijifuta. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na wengine, nikipiga makofi. Pale uwanjani ni mimi peke yangu niliyejua nani amelishika lile goti.

Machi 24

Uwanjani. Bado.

Machi 26

Uwanjani. Bado. Mvua iliwakuta katikati, wenzake wakakimbilia kibarazani, yeye akaendelea.

Machi 27

Mama ananiuliza kwa macho. Namjibu kwa macho.

Machi 30

Ligi imeanza. Timu imefungwa mchezo wa kwanza. Mlingoti alikaa benchi na jezi yake chini ya sweta. Kocha alimwambia akifunga leiapu kumi mfululizo mazoezini, atamwingiza. Si kwa huruma, alimwambia. Huruma haipigi pasi.

Aprili 1

Bado.

Aprili 2

Bado. Amefunga mbili, kwa nguvu za mkono tu.

Aprili 5

Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, kwenye ngazi ya jikoni, mguu umevuliwa uko pembeni yake. Nikakaa. Alikuwa amekifunika kisiki kwa taulo.

"Dada, nataka kukuuliza kama fundi, usinionee huruma. Watu wengine mliowapa mguu kama huu, wanaruka?"

"Inategemea mtu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa majibu ya vipimo aliyoyatarajia. "Basi ndivyo. Kumbe ni mimi. Nilikuwa naulaumu mguu bure. Mguu umeutengeneza vizuri, kila mtu anasema, hata Gundi anasema hauna kiputo hata kimoja. Ni mimi niliyeisha. Mwili wangu umekataa, na mimi naulazimisha kama punda."

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

Pale ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na maneno yote, yamepangana. Nikasema, "Usijivunje moyo, mdogo wangu," nikamshika bega. Nilimuuma nikampuliza, kama panya.

Kisha taulo likateleza nikaona. Ngozi ya mbele ya kisiki ilikuwa imechubuka, nyekundu, katikati pana kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Alikuwa amekificha tangu wiki iliyopita.

Aprili 6

Daktari amesema asivae mguu mpaka kidonda kifunge. Mlingoti amemtumia Kocha ujumbe kwamba anaacha. Ameniomba niirudishe jezi. Nimeiweka kabatini kwangu chini ya shuka, sikuirudisha.

Mama alisema, "Mungu anajua zaidi." Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mama anyamaze.

Aprili 8

Nimemwomba Mkuu ruhusa ya kutengeneza upya. Alishangaa. "Si nilikwambia kaboni tangu mwanzo?" Nikasema nilitaka kwanza kisiki kitulie. Uongo una uzazi kuliko sungura.

Aprili 11

Nimeharibu. Nilikuwa na haraka. Balbu ya kabati ilikuwa imeungua kwa siku mbili na hakuna aliyeona, nami nikatandika bila kuzikausha nyuzi kwanza. Gamba lilipotoka lilikuwa na mabaka meupe kama ukurutu, tabaka la juu halikushikana na la chini. Ukilipiga konzi linalia kama debe. Nikalikata kwa msumeno mwenyewe.

Kwa hiyo ule wa faiba, niliotandika ili umshinde, ulitoka safi. Huu wa kumnyanyua ndio umeoza mikononi mwangu.

Imebaki kaboni ya kutosha mguu mmoja.

Aprili 14

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Nilikausha nyuzi kwenye oveni, nikakausha plasta, nikafunga madirisha, nikamwomba Gundi ashike kamba upande wa pili. Tukatandika. Soksi nyembamba ndani, kaboni, kaboni tena, vipande vya kuimarisha nyuma ya goti na kwenye ukingo, soksi ya mwisho juu. Resini ilishuka sawasawa.

Limetoka jeusi, jembamba, bila doa. Nililiweka kwenye kiganja. Nikaketi chini kwenye vumbi la plasta na aproni yangu, Gundi akafikiri ni mafusho, akanifungulia mlango.

Aprili 19

Nitaandika yote.

Kidonda kimefunga. Nilimwambia Mlingoti aje karakana, nina kitu cha kumwonyesha. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: kaboni imeletwa, tumeipata juzi, nikakukumbuka. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Alikuja kwa magongo, hana hamu, akakaa kwenye benchi akakunja suruali. Nikautoa mguu. Akaupokea kwa mikono miwili akijiandaa kwa uzito, mikono ikapaa juu yenyewe. Uso wake! Niliona ule uso wa zamani, wa kabla ya lori.

"Dada! Kumbe imekuja?"

Nikafungua mdomo. Gundi akaniwahi. Gundi hana hila hata chembe. Alikuwa amefurahi tu, anafuta mikono na tambara.

"Haikuja, ilikuwepo! Mimi nilikuwa najiuliza dada yako anaiwekea nani. Mkuu alishamwambia ile siku ya kwanza unapimwa, pale mlangoni."

Pampu ilikuwa inanguruma. Mlingoti alinyanyua macho.

"Ile siku ya plasta?"

Gundi alinitazama, akaelewa, akabaki na tambara mkononi.

"Dada. Ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Wakati nakuuliza?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa wapi?"

Nikaonyesha kabati. Alichukua magongo yake, akaenda mpaka pale, akalifungua, akatazama rafu. Akapima kwa macho kutoka kabati mpaka kwenye vyuma vya mazoezi. "Ulikuwa umeliegemea," akasema. Alisema polepole, kama mtu anayejifunza njia.

"Niliogopa," nikasema. "Nilikuona siku ile, mdogo wangu. Niliogopa utaumia tena."

"Ungeniambia unaogopa. Ningekubishia. Kubishana na wewe ninakujua, nimekubishia tangu sijaota meno. Ulichofanya ni kunigombanisha na mwili wangu. Nimeutukana huu mwili, dada. Nimeamka kila asubuhi nikautukana. Na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi unanipigia makofi."

Aliuweka mguu mpya kwenye benchi taratibu, bila kuupiga, akaondoka kwa magongo kwenye mvua.

Jioni nyumbani alinisimamisha kwenye korido. "Nani mwingine alijua?"

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi. Nilisikia kisu kimesimama juu ya ubao.

"Hakuna," nikasema. "Ni mimi peke yangu."

Kisu kikaendelea kukata.

Aprili 20

Mama aliniletea chai chumbani, jambo ambalo halifanyi. "Nilisikia jana," akasema. "Asante, mwanangu." Akanipapasa kichwani.

Nilingoja aseme jingine. Hakusema. Siku zote nilidhani mama ni mtu asiyeogopa kitu. Leo nimeona ni mwoga kama mimi, na ametangulia tu kuzaliwa. Chai nimeimwaga dirishani.

Aprili 22

Mvua. Hatuongei. Ananipisha bafuni kwa adabu, kama mpangaji.

Aprili 23

Mvua.

Aprili 24

Gundi ananiomba radhi kila akipita. Nimemwambia anayepaswa kuomba radhi si yeye. Anasema anajua, lakini angependa kushiriki.

Aprili 27

Nilimkuta sebuleni anamwaga ndoo ya maji ya kuvuja. Nikashika upande wa pili. Tukaimwaga pamoja nje.

"Mama ndiye aliyekuomba," akasema. Hakuuliza.

Nikaitikisa ndoo, ingawa ilikuwa tupu.

"Usijisumbue. Nilijua tangu pale kwenye korido. Mama akiwa hana kosa huja kusikiliza, akiwa na kosa anakata vitunguu." Karibu nicheke. Yeye hakucheka. "Mama simlaumu. Mama aliogopa kama mama, ndiyo kazi yake. Lakini mama si fundi. Mama hakujua ule mguu una uzito gani. Wewe ulijua kwa gramu."

"Nisamehe."

"Nimeshakusikia." Akageuza ndoo kifudifudi, akaingia ndani.

Aprili 29

Amekwenda karakana wakati mimi niko zamu ya wodini. Gundi ndiye aliyemvisha mguu mpya na kunyoosha unyayo. Nilipofika nilikuta alama za soli yake sakafuni kwenye vumbi la plasta, zimekwenda mpaka ukutani zikarudi. Hatua ni ndefu. Sikufagia mpaka jioni.

Mei 3

Nimeirudisha jezi yake juu ya kitanda chake, imepigwa pasi. Asubuhi haikuwepo. Jioni alirudi ameivaa, imelowa jasho.

Mei 6

Timu imefungwa tena. Haiwezi tena kushika nafasi ya juu kwenye ligi. Wanacheza kwa kumaliza ratiba.

Nimepiga hesabu ambayo haifai kupigwa. Angekuwa na mguu huu tangu mwanzo wa ligi, angekosa mchezo mmoja, labda miwili.

Mei 17

Mchezo wa mwisho wa msimu. Mvua imepungua, imebaki rasharasha. Hakunialika. Nilikwenda, nikasimama nyuma ya uzio wa waya upande wa choo, na mwavuli.

Mama alikuwa kwenye ngazi, mstari wa mbele. Sikujua kama angekuja. Alikuwa ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, kama aliyepanda gari lisilo na breki.

Walikuwa nyuma kwa pointi nyingi Kocha alipomwita; zile leiapu kumi nasikia alikwisha kuzifunga mazoezini. Mlingoti akavua sweta. Uwanja ukanyamaza watu walipoona gamba jeusi chini ya bukta, kisha mtu mmoja akapiga mluzi, wakalipuka wote.

Mpira wa kwanza alioupata alimpasia mwenzake. Wa pili alinyang'anywa na msichana mfupi mwenye haraka, akaangushwa, mama akasimama wima. Mlingoti akainuka mwenyewe, akagonga unyayo sakafuni kujaribu kama gamba liko imara, akaendelea. Mimi nilikuwa nimeshika waya. Nilisikia kila tabaka la ule mguu mwilini mwangu.

Dakika zilikuwa zimekaribia kwisha mpira ulipomkuta pembeni, njia iko wazi. Akadunda. Kushoto. Kulia. Akaruka. Goti likapanda! Likapanda lote, mpaka usawa wa kiuno, na mkono wa kushoto ukapanda nalo, na pale juu akakaa kidogo kama mtu asiye na haraka. Akauweka mpira ubaoni. Ukaingia bila kugusa pete.

Walifungwa hata hivyo, na kwa mbali. Lakini wasichana walimkimbilia kana kwamba wamechukua kombe. Kocha alikuwa anampigia kelele arudi nyuma kulinda, sauti imekatika, machozi yanamtoka. Mama alikuwa anacheka huku amejifunika uso na mkoba.

Mlingoti alitazama ngazi zote, mstari kwa mstari. Kisha akatazama upande wa uzio. Nafikiri aliniona. Nilinyanyua mkono, lakini ulikuwa na mwavuli, sijui ulionekanaje. Akageuka kwa wenzake.

Nilirudi kwa miguu. Nilikuwa na furaha, sina mahali pa kuiweka.

Mei 20

Ndoo imeondolewa sebuleni.

Mei 23

Mlingoti amepata chumba karibu na uwanja, ataishi na wenzake wawili wa timu. Mama amemfungia vyombo. Nilibeba godoro mpaka kwenye gari. Aliniambia asante, akaniambia niangalie ngazi inateleza. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono.

Juni 6

Jua kali. Leo alikuja karakana, ukingo wa gamba ulikuwa unambana nyuma ya goti. Nilimwona kwenye benchi la nje na wagonjwa wengine, nikatoka, nikamwashiria apite ndani. Akakataa kwa kichwa. Alikaa mpaka zamu yake ilipofika, baada ya mzee mmoja na mama mwenye mtoto.

Nikapiga msasa ukingo, nikaujaribu kwa kidole gumba, nikapiga tena. Nywele zake amezisuka upya. Nilitaka kumuuliza mambo mia.

"Hapo vipi?"

Akasimama, akakunja goti, akaruka kidogo. "Hapo sawa. Asante, fundi."

Ameniita fundi. Maisha yake yote hajawahi kuniita hivyo. Gundi aliacha kupiga msasa.

"Hauumi?" nikauliza.

"Hauumi."

"Na wewe?"

Alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu cha kushoto, kile kisichohitaji kufungwa upya.

"Nikiumwa nitakuja," akasema. "Foleni naijua."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Nikamwita mgonjwa anayefuata.